Mnara wa Chumbe na mwamba ulio chini yake

Katika mfululizo huu wa minara ya taa, leo tunafika Chumbe, kisiwa cha hekta 22 hivi kusini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wengi hukijua kwa kukipita tu, wakiwa ndani ya boti ya Dar es Salaam: msitu mnene, na mnara umechomoza juu ya miti.

Waingereza waliujenga mwaka 1904, na sababu yake nahodha yeyote anaielewa. Meli za kutoka kusini zilipita jirani na mwamba wa matumbawe ulio upande wa magharibi wa kisiwa. Usiku, maji yakijaa, mwamba huo hauonekani. Ukija kuujua, chombo kimeshapanda. Mwaka 1926 taa ikageuzwa kuwaka kwa gesi. Nyumba ya walinzi wa taa na msikiti wao mdogo, wenye mtindo wa Kihindi, vingalipo.

Mwamba uleule uliotisha mabaharia ndio unaowavuta wageni leo. Kwa kuwa ulikuwa kando ya njia ya meli, uvuvi ulizuiwa hapo kwa miaka mingi, kwa hiyo haukupata kipigo cha baruti na majuya kilichoharibu miamba mingine ya pwani yetu. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza kuwa hifadhi, nayo ikaendeshwa na kampuni binafsi. Baadhi ya waliopewa kazi ya ulinzi walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu, na kwangu huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote: nani anayejua maji yale kuwashinda? Matumbawe magumu ni aina zipatazo 200, samaki zaidi ya 400.

Malazi ni mabanda saba tu ya makuti. Maji ya kuoga ni ya mvua, yanakingwa na paa na kuhifadhiwa chini ya sakafu. Choo hakitumii maji. Kinyesi huozeshwa kuwa mbolea, hivyo hakuna uchafu unaofika baharini. Nje hakuna taa, usiku mnatembea kwa kurunzi.

Panda mnara wakati maji yamekupwa. Ngazi ni zaidi ya 130 na zinachosha, lakini ukiwa juu unauona mpaka kati ya mwamba na kina kirefu.

Wanafunzi wa Zanzibar hupelekwa huko kujifunza, na miongoni mwao wapo waliozaliwa pwani ambao hawajawahi kutazama chini ya maji. Natamani safari hizo zifike kila shule ya Unguja.