Mfanyakazi Afunzwe kwa Lugha Aijuayo

Wanafunzi wangu wa isimu huniuliza mara kwa mara iwapo shahada yao ina kazi nyingine mbali na ualimu. Huwajibu kwamba ipo moja niliyowahi kuifanya, nayo ni ya meneja wa mafunzo ya wafanyakazi. Aghalabu siwaelezi jinsi nilivyoifanya vibaya.

Mnamo 2013 nilipewa likizo ya miaka miwili isiyo na malipo chuoni, nikaajiriwa na kiwanda kimoja jijini Nairobi ambacho sitakitaja jina. Watu wengi hudhani kwamba meneja wa mafunzo ni mwalimu aliyevaa tai. La hasha. Kufundisha ni sehemu ndogo mno ya kazi yake, na mara nyingi huwaalika wengine waje wafundishe. Kazi yake hasa ni kutambua jambo ambalo wafanyakazi hawalijui, na kulitofautisha na matatizo yasiyotibika kwa mafunzo, maana mashine mbovu haiponi kwa semina, wala mshahara duni. Kisha huitetea bajeti mbele ya mhasibu ambaye huyaona mafunzo kuwa anasa. Hatimaye huchunguza kama kuna chochote kilichobadilika.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Mwaka wa 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza kwamba mafunzo yapimwe katika ngazi nne: kama waliohudhuria waliyapenda, kama walijifunza, kama utendaji wao kazini ulibadilika, na kama shirika lilifaidika. Nilizijua ngazi hizo kwa ghibu, lakini sikuwahi kuipita ile ya kwanza. Kila semina ilipomalizika niligawa fomu, nikasoma "nzuri sana", nikaridhika. Tena nilikuwa na orodha ya waliohudhuria, yenye saini zao, na orodha ile ilikuwa fedha. Chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, mwajiri alitozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, naye aliweza kudai arejeshewe gharama akithibitisha kwamba amewafunza watu wake. Uthibitisho wetu ulikuwa saini.

Katika mwaka wangu wa pili, mfanyakazi mmoja wa mashine ya kuchanganyia alitia mkono ndani ili aisafishe. Mwenzake wa zamu iliyokuwa ikiingia hakujua, akaiwasha. Vidole viwili vilikatika. Alipotoka hospitalini aliitwa ajieleze kwa nini alikiuka kanuni za usalama ilhali alikuwa amefunzwa. Niliagizwa niilete orodha. Niliileta. Saini yake ilikuwa ya saba kutoka juu.

Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 41, inamlazimu mwajiri anayenuia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Kampuni iliitii sheria hiyo barabara. Kikao kiliendeshwa kwa Kiswahili. Afisa wa usalama alieleza hatua kwa hatua kwamba kabla ya kusafisha, mtu huzima stima kwenye swichi kubwa, akaifunga swichi hiyo kwa kufuli, akautia ufunguo katika mfuko wake mwenyewe, ili mwingine asiweze kuiwasha mashine. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Daktari, kumbe zile kufuli nyekundu ndizo za kazi hiyo?"

Semina niliyokuwa nimeiandaa ilichukua siku mbili hotelini, kwa Kiingereza, na mkufunzi hodari alieleza kwa istilahi za vitabuni namna ya kutenga vyanzo vya nishati. Kufuli zilionekana katika picha tu. Nilikuwa nimeketi nyuma. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, niliyekuwa nikiwafundisha vijana kwamba hakuna mawasiliano pasipo msimbo unaoeleweka na pande zote mbili, sikuuliza hata swali moja. Yeye pia hakuuliza, na hilo silishangai. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwa wameketi kando ya mkuu wa zamu. Pale kiwandani Kiswahili ndicho kilichotumika kutoa maagizo, kugombana na kutaniana. Kiingereza kilikuwa cha makaratasi. Tulimfunza kwa lugha ya makaratasi, tukamfukuza kwa lugha ya kazi.

Ndiyo, alifukuzwa. Nilisema maneno machache ya kumtetea, tena kwa sauti ya chini.

Miezi iliyosalia niliitumia kando ya mashine, daftari mkononi, nikiandika majina ambayo wafanyakazi wenyewe waliyaita vifaa na hatua za kazi yao. Kwa majina hayo tuliandika upya maelezo ya usalama. Mafunzo yakawa yanafanyikia papo hapo: kila mtu azime swichi, aifunge, ajaribu kuiwasha mashine mbele ya wenzake, na asitie saini kabla hajafanya hivyo. Mhasibu alifurahi sana, kwa kuwa hapakuwa tena na bili ya hoteli.

Walimu wasidhani kwamba haya ni ya viwandani tu. Mradi wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wa shule za upili, ulioanza mwaka wa 1998 kwa ushirikiano na Japani, ulitumia mtindo wa ngazi: wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wa wilaya, nao wakawafunza walimu. Yeyote aliyewahi kuhudhuria semina za namna hiyo anajua jinsi karatasi ya kutia saini inavyofika ngazi ya mwisho ikiwa nzima kuliko somo lenyewe.

Mwanafunzi anayetaka kazi hii humwambia kwamba akiitwa kwenye mahojiano aulize wafanyakazi wa pale huzungumza lugha gani zamu zinapobadilishana. Mmoja aliuliza hivyo mwaka wa 2023. Hakuajiriwa.