The Ox-Bow Incident: Saba tu ndio waliokataa

Filamu hii ya kauboi ya mwaka 1943, iliyoongozwa na William Wellman, haina umaarufu mkubwa, nayo ni fupi: dakika 75 hivi. Ni Nevada, mwaka 1885. Uvumi unaenea kwamba mfugaji Kinkaid ameuawa. Watu wanajichukulia sheria mkononi, wanawakamata wasafiri watatu, kisha wanapiga kura: wanyongwe sasa, au wapelekwe mahakamani? Saba tu ndio wanaotaka mahakama. Mmojawapo ni Sparks, mhubiri mweusi, ambaye utotoni alimwona ndugu yake akinyongwa na umati.

Watatu wananyongwa. Baadaye sherifu anawaambia kwamba Kinkaid yu hai.

Nguvu ya filamu ni kwamba hata Carter, mhusika mkuu anayeigizwa na Henry Fonda, yumo kati ya wale saba na bado hawezi kuzuia kitu. Kasoro zipo. Mandhari ya studio yanaonekana wazi, na kisa cha Rose, mpenzi wa zamani wa Carter, kinakatiza mwendo bure. Barua ya marehemu Martin, inayosomwa baa, inahubiri yale ambayo nyuso zilishasema. Hata sisi tuliozoea mahubiri tunaona imezidi. Lakini Carter anapoisoma, ukingo wa kofia ya mwenzake unayaficha macho yake.