Je, Wajua? Joka Ana Njia Yake Hong Kong
Mgeni akifika Repulse Bay, Hong Kong, hushangaa kuona jengo refu la makazi lenye tundu kubwa katikati. Wenyeji watamwambia kuwa hapo ndipo joka hupita akishuka mlimani kwenda kunywa maji baharini. Hiyo ndiyo fengshui, elimu ya kale ya Wachina ya kupanga nyumba, makaburi, hata vitanda, viende sambamba na nguvu za mahali.

Benki nazo hazikusalimika na imani hiyo. Mnara wa Bank of China, uliochorwa na msanifu majengo I. M. Pei na kukamilika mwaka 1990, ulilaumiwa kwa kingo zake zilizowaelekea majirani kama visu. Benki jirani ya HSBC ina kreni za matengenezo juu ya paa, na watu husema, nusu kwa utani, kwamba hiyo ni mizinga ya kujibu mapigo.

Disneyland ya huko, iliyofunguliwa mwaka 2005, iligeuza lango lake kwa nyuzi 12 kufuata ushauri wa fengshui. Na hili ndilo la ajabu zaidi: mradi wa umma ukivuruga fengshui ya kijiji katika eneo la New Territories huko Hong Kong, serikali huweza kulipia gharama za tambiko.