Ukipunguzwa kazini: Jinsi mkazi wa Lucky Summer anavyoweza kuzitafutia soko kampuni ndogo za mashambani

BARUA ya kupunguzwa kazini huwa fupi, lakini athari zake hufika nyumbani kabla ya mwezi kuisha. Kodi ya nyumba, karo ya watoto na deni la dukani havisubiri.

Katika mtaa wa Lucky Summer, eneo bunge la Ruaraka jijini Nairobi, jambo hili si geni. Mtaa huu unapakana na Baba Dogo, kunakopatikana viwanda vingi, na kiwanda kimoja kinapopunguza wafanyakazi, habari huenea hadi kwenye vibanda vya mboga.

Wakenya wameshuhudia hata kampuni kubwa zikifunga milango. Mnamo 2014 Cadbury ilifunga kiwanda chake cha Nairobi, nayo Eveready ikafunga kiwanda chake cha Nakuru. Mwaka 2016 Sameer Africa ikafunga kiwanda chake cha magurudumu jijini Nairobi.

Mtu aliyefanya kazi katika idara ya mauzo, usambazaji au matangazo huondoka na mali ambayo mwajiri hawezi kubaki nayo: ujuzi wa kuifikisha bidhaa kwa mnunuzi. Ujuzi huo unahitajika sana mashambani, ambako vikundi na kampuni ndogo huzalisha asali, njugu, unga, sabuni na vikapu bila kuwa na mtu wa kusimamia mauzo jijini.

Biashara ya kuwatafutia wazalishaji hao soko yaweza kuanzishwa kwa mtaji mdogo, hata katika chumba cha nyumba ya kupanga. Hata hivyo, kufaulu kwake hakutegemei ufundi wa matangazo pekee. Kunategemea zaidi namna mwenye biashara atakavyolipwa, na idadi ya wateja atakaowakubali kabla fedha za kuachishwa kazi hazijamalizika.

Haki kwanza

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mwajiri amelipa anachodaiwa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri kutoa ilani ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba. Asiyekuwa mwanachama wa chama huarifiwa yeye binafsi kwa maandishi, pamoja na afisa wa leba.

Mfanyakazi anayepunguzwa anastahili pia ilani ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, malipo ya siku za likizo alizokuwa hajachukua, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini.

Tuchukue mfano wa mtu aliyefanya kazi miaka 12 kwa mshahara wa Sh60,000. Siku 15 mara 12 ni siku 180. Kwa hesabu ya mwezi wa siku 30, hiyo ni mishahara ya miezi sita, yaani Sh360,000.

Anayeamini kuwa sheria haikufuatwa anaweza kwenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, mradi asipitishe miaka mitatu.

Fedha hizo ni za miezi mingapi?

Sh360,000 huonekana nyingi siku zinapoingia benkini. Familia inayotumia Sh45,000 kwa mwezi itazimaliza kwa miezi minane, hata kama hakuna senti iliyoingizwa katika biashara.

Kwa hivyo ni busara kuzigawa mapema. Katika mfano huu, Sh270,000 zikitengwa kwa matumizi ya nyumbani ya miezi sita, zitasalia Sh90,000 za kuanzishia biashara. Fungu la nyumbani lisiguswe kwa ajili ya biashara, wala la biashara lisilipe kodi ya nyumba.

Gharama moja husahaulika: bima ya afya. Mwajiri anapoacha kumkata mtu mshahara, jukumu la kuchangia humrudia mwenyewe. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, wasio na mshahara hukadiriwa uwezo wao na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima.

Kwa nini mashambani?

Mkazi wa Lucky Summer aliyezaliwa Kitui, Kakamega au Nyamira anazijua pande mbili za biashara. Anajua lugha na watu wa nyumbani, na anajua pia duka gani la Baba Dogo, Kasarani au Zimmerman hununua nini na hulipa lini. Wakala mwenye afisi katikati ya jiji huenda akakosa ujuzi huo.

Kwamba bidhaa ya kijijini inaweza kujijengea jina kumethibitishwa zamani. Chama cha ushirika cha wafugaji wa Githunguri, Kaunti ya Kiambu, kilianzishwa 1961. Mwaka 2004 kilianza kusindika maziwa katika kiwanda chake chenyewe, na leo maziwa ya Fresha yanafahamika katika maduka mengi ya Nairobi.

Pembezoni mwa Msitu wa Kakamega, kikundi cha wakulima cha Muliru hukuza mmea wa dawa na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mnamo 2010 kikundi hicho kilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP.

Kinachowafanana wawili hawa ni kwamba hawakukomea kuuza malighafi. Waliuza bidhaa iliyokamilika, yenye jina lake.

Kazi inayolipiwa

Kampuni ndogo ya mashambani haihitaji kuanza na tangazo la televisheni. Mara nyingi inahitaji mambo ya kawaida: chupa isiyovuja, lebo inayosomeka, bei isiyobadilikabadilika na mzigo unaofika siku iliyoahidiwa.

Kwanza ni ubora. Bidhaa zilizofungashwa zinahitaji alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS, na supamaketi huitaka kabla ya kuziweka kwenye rafu. Supamaketi huhitaji pia alama ya mistari ya kusomwa na mashine. Zile zinazotolewa nchini Kenya huanza na tarakimu 616.

Pili ni jina. Alama ya biashara husajiliwa na Taasisi ya Miliki ya Viwandani Nchini, KIPI. Usajili hudumu miaka 10 na unaweza kufanywa upya. Jina lisajiliwe kwa niaba ya mzalishaji, si kwa niaba ya wakala, kwani ugomvi kuhusu mwenye jina unaweza kuvunja uhusiano mwema.

Tatu ni kutangaza. Picha safi zilizopigwa kwa simu, orodha ya bei inayotumwa kwa WhatsApp na mahojiano katika redio za lugha za kiasili kama Musyi FM au Mulembe FM huweza kuwafikia wanunuzi kwa gharama ndogo.

Nne, na pengine muhimu kuliko zote, ni kupokea mzigo stendi ya mabasi, kuufikisha madukani, kukusanya fedha na kumpa mzalishaji hesabu iliyoandikwa. Mwenye duka akilipa moja kwa moja kwa M-Pesa ya kikundi, shaka hupungua pande zote mbili.

Hesabu inayoamua yote

Wengi huvutiwa na kamisheni, kwa kuwa mzalishaji hatoi chochote kabla ya mauzo. Hebu tuipime kwa mfano.

Tuseme kikundi kinauza chupa 200 za asali kwa mwezi, kila moja kwa Sh500. Mauzo ni Sh100,000, na kamisheni ya asilimia 10 ni Sh10,000. Nauli, usafirishaji wa hapa jijini na gharama za simu zikila Sh4,000, wakala anabaki na Sh6,000.

Ili kurejesha mshahara wake wa zamani wa Sh60,000, atahitaji vikundi 10 vya aina hiyo. Mtu mmoja hawezi kuvihudumia vyote ipasavyo. Hapa ndipo biashara hii huweza kumwangusha mtu mwenye bidii: anachoka, huku fungu la nyumbani likizidi kupungua.

Njia iliyo salama zaidi ni kuchukua wateja wachache wasioshindana, ambao bidhaa zao huuzwa katika maduka yale yale. Mmoja awe wa asali, wa pili wa njugu, wa tatu wa unga wa wimbi na wa nne wa sabuni. Safari moja inapeleka mizigo yote minne.

Kila mteja akitoa ada ya Sh5,000 kwa mwezi pamoja na kamisheni ile ile ya Sh10,000, wanne hao watalipa Sh60,000. Gharama za pamoja zikiwa Sh12,000, zinabaki Sh48,000, ambazo zinatosha kulisha familia iliyotajwa hapo juu.

Je, kikundi kitakubali kulipa Sh15,000? Jibu liko katika kile kinachopoteza sasa. Kikimuuzia dalali chupa zile zile kwa Sh350 kila moja, kinapata Sh70,000. Kikiuza jijini kwa Sh100,000, kikamlipa wakala Sh15,000 na kutumia Sh5,000 kusafirisha mzigo hadi Nairobi, kinabaki na Sh80,000.

Ziada hiyo ya Sh10,000 ndiyo sababu ya kuwepo kwa wakala. Endapo hesabu za mzalishaji hazionyeshi ziada yoyote, ni heri kumwambia ukweli na kutomchukua kuwa mteja.

Kazi za mara moja, kama vile kuandaa lebo au kufuatilia kibali cha KEBS, zitozwe kando na zilipwe kabla hazijaanza. Makubaliano yote yaandikwe: nani anabeba hasara ya chupa iliyovunjika, malipo hutolewa lini, na mkataba unavunjwaje.

Sheria na ushuru

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen. Anayetaka kampuni anaweza kuisajili akiwa peke yake, kwa mujibu wa Sheria ya Kampuni ya 2015. Leseni ya Kaunti ya Nairobi inahitajika pia.

Upande wa ushuru, kuna tofauti ya kuzingatia. Anayenunua bidhaa na kuziuza kama zake anaweza kuwa chini ya ushuru wa asilimia 3 ya mauzo, unaowahusu wenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka. Mapato ya ada za usimamizi na utaalamu hayamo katika mpango huo, bali hutozwa ushuru wa kawaida wa mapato.

Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya mfumo wa eTIMS haikubaliki katika hesabu za ushuru, isipokuwa chache zilizosamehewa kisheria. Mteja aliye kampuni ataitaka ankara hiyo.

Orodha za nambari za simu nazo zina sheria yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila idhini yake, na biashara ambayo kazi yake kuu ni kuwauzia watu moja kwa moja kwa kutumia taarifa zao hutakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data hata ikiwa ndogo. Kuondoka na orodha ya wateja wa mwajiri wa zamani ni kujitafutia kesi.

Mitego

Mtego wa kwanza ni kukimbilia supamaketi kubwa. Nyingi hulipa baada ya wiki kadhaa, ilhali mfugaji wa nyuki anahitaji fedha sasa. Nakumatt na Tuskys zilipoanguka, ziliacha madeni ya mabilioni kwa waliozipelekea bidhaa. Duka la mtaani linalolipa mzigo unapopokewa ni mwanzo mwema.

Mtego wa pili ni kutangaza kuliko uwezo wa mzalishaji. Asali ina misimu na mvua huchelewa. Mwenye duka akikosa mzigo mara mbili, humpa nafasi hiyo mtu mwingine.

Takwimu zenyewe zaonya. Uchunguzi wa Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, wa 2016 ulikadiria kuwa nchi ilikuwa na biashara ndogo na za wastani milioni 7.4, lakini pia kwamba takriban milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika kipindi cha miaka mitano.

Ndiyo maana aliyepunguzwa kazini anashauriwa kuandika tarehe mbili siku ile ile anayoanza. Ya kwanza ni mwisho wa mwezi wa tatu: ikifika bila wateja wawili wanaolipa, abadilishe bidhaa au ada. Ya pili ni mwisho wa mwezi wa tano: ikifika na mapato hayajakaribia matumizi ya nyumbani, aanze kutafuta ajira huku akibakiza mteja mmoja au wawili, kwani bado atakuwa na fedha za kodi ya mwezi mmoja.

Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Kwa mtu anayetumia fedha za kuachishwa kazi, mahesabu hayo yafaa kutangulia hata kabla ya asubuhi yenyewe.