Jimmy Savile na Funguo Alizopewa kwa Hisani

Jimmy Savile alifariki Leeds mwezi Oktoba 2011, akiwa na miaka 84, na Uingereza ikamzika kwa heshima kubwa. Ndiye aliyetangaza kipindi cha kwanza cha Top of the Pops cha BBC, tarehe 1 Januari 1964. Kuanzia 1975 hadi 1994 aliendesha Jim'll Fix It, kipindi ambacho watoto walimwandikia barua kumwomba awatimizie ndoto zao. Mwaka 1990 akatunukiwa cheo cha Sir. Haikutimia hata mwaka tangu azikwe pale ITV iliporusha filamu ya uchunguzi, na wanawake wakasimulia alivyowadhalilisha kingono walipokuwa wasichana. Hadi Januari 2013 watu wapatao 450 walikuwa wamejitokeza, na polisi walikuwa wameorodhesha makosa 214, ya kwanza ya 1955 na ya mwisho ya 2009. Wengi husema alikuwa mjanja, akalilaghai taifa zima. Maelezo hayo yanawapendelea mno waliolaghaiwa. Mtu mwenye nywele nyeupe zile, sigara nene mdomoni na mavazi ya kumetameta hakuwa amejificha popote. Kilichomkinga ni sadaka, na hasa wale walioihitaji.

Tazama hospitali ya Stoke Mandeville. Serikali ilikuwa inabana matumizi, kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo kilikuwa kimechakaa, na Savile akachangisha mamilioni ya paundi hadi jengo jipya likafunguliwa 1983. Tangu hapo, nani angethubutu kumfungia mlango? Alikuwa na ofisi na mahali pa kulala humo humo hospitalini. Huko Broadmoor, hospitali yenye ulinzi mkali ya wagonjwa wa akili, alikabidhiwa funguo, na mwaka 1988 akateuliwa katika kikosi cha kusimamia uendeshaji wake, ingawa hakuwa na taaluma yoyote ya tiba wala utawala. Uchunguzi wa 2015 ulihesabu waathirika 60 wa Stoke Mandeville. Baadhi yao walilalamika wakati ule ule, lakini hakuna lalamiko lililochukuliwa kwa uzito. Muuguzi aliyepokea malalamiko hayo alijua mshahara wake unatoka wapi, na pia jengo analofanyia kazi limetoka wapi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Wapo wanaojibu kwamba zama zilikuwa nyingine, na kwamba miaka ya 1960 na 1970 mambo hayo hayakuzungumzwa. Kuna ukweli hapo, lakini mwaka 2009 si zamani. Mwaka huo polisi wa Surrey walimhoji Savile kuhusu tuhuma za zamani, na mahojiano yakafanyika katika ofisi yake mwenyewe, Stoke Mandeville. Mtuhumiwa ndiye aliyekuwa mwenyeji wa wapelelezi. Mashtaka hayakufunguliwa. Mapitio ya mwanasheria Alison Levitt, yaliyotolewa 2013, yalieleza kwamba walalamikaji hawakuambiwa kuna wenzao wenye malalamiko kama yao, na kwamba kama wangeshughulikiwa vinginevyo, huenda kesi ingewezekana. Kila mmoja aliachwa ajione yuko peke yake mbele ya mtu mashuhuri mwenye mawakili.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la wanaouliza kama jengo lile halikuwatibu watu. Liliwatibu, tena wengi, na hakuna sababu ya kukana. Lakini asiyeweza kuhojiwa kwa sababu ametoa fedha amegeuka mmiliki, na aliowamiliki huko ni wagonjwa vitandani. BBC nako, ambako sarafu ilikuwa umaarufu badala ya fedha, mapitio ya Dame Janet Smith ya 2016 yalikuta waathirika 72 na wafanyakazi walioogopa kupeleka juu habari za nyota wa kituo.

Kuna pia wasemao kwamba marehemu hasemwi, maana hawezi kujitetea. Savile alipata fursa ya kujitetea kwa nusu karne. Waliokosa fursa ya kusikilizwa ni wengine. Mwishoni mwa 2011 waandishi wa kipindi cha Newsnight cha BBC walikuwa na ushuhuda mkononi, habari yao ikawekwa kando, na Krismasi ile BBC ikarusha vipindi vya kumkumbuka marehemu. Hata cheo cha Sir hakikuvuliwa: kwa taratibu za Uingereza, cheo hicho hukoma mwenyewe anapokufa.