Kilomita 226: Mwili huandaliwa mwaka mzima

Kukaa kando ya ziwa si kujua kuogelea. Kuchezea maji ya ukingoni tangu utotoni ni jambo moja, na kuogelea mita 400 bila kupumzika ni jambo lingine kabisa. Ndiyo maana mkazi wa Homa Bay au Migori anayetaka kushiriki triathloni ya masafa marefu hana budi kuanza hesabu yake majini, hata kama miguu yake ni ya kutegemewa.

Katika mchezo huu mtu huogelea, akapanda baiskeli, kisha akakimbia, yote kwa mfululizo. Mashindano marefu, yaliyoanzia Hawaii mwaka 1978 kwa washiriki 15 tu, ni kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za mbio. Jumla ni kilomita 226, na kwa kawaida mshiriki hupewa saa 17 azimalize. Nusu yake, kilomita 113, imewahi kufika jirani: mji wa Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, uliandaa mashindano hayo kwa mara ya kwanza Agosti 2022.

Mtu mwenye afya ambaye tayari hukimbia kilomita 10 bila taabu ajipe mwaka mmoja kujiandaa kwa hiyo nusu, na mwaka mwingine kabla ya kuthubutu safari nzima. Moyo na mapafu huzoea kazi ngumu baada ya wiki chache. Mifupa na kano huchukua miezi. Anayeharakisha huhisi ana nguvu za kutosha hadi siku goti au kisigino kinapokataa.

Mwezi wa kwanza ni wa daktari. Apime shinikizo la damu, sukari na moyo, hasa ikiwa umepita miaka 35. Katika maeneo ya Nyanza kuna kipimo kingine ambacho wanamichezo wengi hawakifikirii, nacho ni cha siko seli. Aliyerithi hali hiyo kutoka kwa mzazi mmoja pekee si mgonjwa, na huenda akaishi hadi uzeeni bila kujua. Hata hivyo, akijikaza kupita kiasi kwenye jua kali bila maji ya kutosha, misuli yake inaweza kuharibika ghafla, na wapo waliokufa hivyo katika nchi mbalimbali. Hakatazwi mchezo. Anatakiwa tu kuongeza mazoezi polepole, kunywa maji na kusimama mara anapohisi udhaifu usio wa kawaida.

Ikiwa shabaha ni Agosti, basi ratiba ianze Septemba ya mwaka uliotangulia. Hadi Desemba, tia mkazo katika kujifunza kuogelea, mara tatu kwa wiki, kwenye kidimbwi na chini ya mwalimu. Januari na Februari mvua hupungua, na hapo ndipo baiskeli ipewe nafasi. Kati ya Machi na Mei mvua ya masika huharibu barabara na mbu huzidi; usipange kazi nzito sana, kimbia zaidi na uimarishe misuli nyumbani. Juni na Julai ndiyo miezi ya safari ndefu: baiskeli ya saa nne Jumamosi, na ukishuka tu, mbio za dakika 20 ili miguu izoee mabadiliko hayo.

Anayefanya kazi ya ofisi anaweza kuanza na saa sita kwa wiki na kufikia kumi au kumi na mbili. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki tatu, kisha wiki ya nne upunguze kwa thuluthi. Wengi huiruka wiki hiyo ya nne wakidhani ni uvivu, ilhali mwili hujijenga wakati wa kupumzika.

Barabara nayo ina hatari zake. Ile ipitayo Rongo, Awendo na Migori hadi Isebania hubeba malori ya Tanzania na matrekta ya miwa. Toka kukishapambazuka, vaa nguo ya rangi kali, na urudi kabla magari hayajashika kasi. Kofia ngumu si pambo.

Turudi ziwani, maana huko ndiko kwenye hatari zaidi. Mbali na viboko na mamba, kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji ya ukingoni, hasa jua linapokuwa kali mchana, na hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Usiogelee ziwani kabla hujawa hodari kidimbwini. Ukiwa tayari, nenda na mashua na mvuvi anayejua mahali viboko walipo, uingie majini mbali na ukingo, na kamwe usiwe peke yako. Kujipangusa kwa taulo hakutoshi kuwa kinga. Dawa ya praziquantel huua minyoo iliyokomaa lakini huacha michanga, kwa hivyo pima choo wiki sita hadi nane baada ya kuingia majini mara ya mwisho, na daktari ndiye atakayeamua kipimo cha dawa.

Chakula hakihitaji kutoka dukani. Ugali, viazi vitamu, samaki, omena na njugu vinatosha. Katika safari inayozidi dakika 90, kula ndizi mbili kila saa, na kunywa kwa kadiri ya kiu. Maji mengi kupita kiasi bila chumvi yameua wanamichezo vilevile.

Uchovu usioisha baada ya siku mbili za mapumziko usiulaumu mazoezi moja kwa moja. Katika Homa Bay na Migori, pima malaria kwanza. Ukiwa na homa, acha mazoezi yote, maliza dawa, kisha anza kwa kutembea kabla ya kukimbia. Na homa ikikushika wiki mbili kabla ya mashindano, ahirisha hadi mwaka ujao, hata kama ada imekwisha kulipwa.