Je, Wajua? Kibanio cha Nguo Kilicholetwa na Sharti la Ujenzi

Je, wajua kwamba mkabala wa jumba la baraza la mji wa Philadelphia, Marekani, pamesimama kibanio cha nguo cha chuma, urefu wake futi 45, wala hakuna dobi anayekihitaji? Ni kazi ya msanii Claes Oldenburg, iliyosimamishwa mwaka 1976. Na ile springi yake, mwenye kuitazama kwa makini huiona tarakimu 76.

Fedha zake hazikuchangwa kwa hisani. Tangu 1959, mjenzi apewaye ardhi na mamlaka ya kuufufua mji huo hulazimika, atake asitake, kutenga walau asilimia moja ya gharama ya ujenzi kwa ajili ya sanaa itakayoonwa na kila mpita njia, maskini kwa tajiri.

Na sanaa ni kitu gani mbele ya sheria? Mwaka huohuo wa 1959 mji ulipitisha kanuni kama hiyo kwa majengo yake wenyewe, nayo haikuishia kwenye sanamu: michoro ya kutani, nakshi za vijiwe, vioo vya rangi, hata chemchemi za kupambia, vyote vilihesabiwa. Huo, kwa rai yangu, ndio ukarimu wa kanuni hiyo.

Ufaransa ilitangulia. Mwaka 1951 iliamuru asilimia moja ya gharama za majengo ya shule itumike kwa sanaa, hivyo wanafunzi wakapata sanaa kabla ya wakubwa wa maofisini. Mji wa Seattle, nao wa Marekani, ulifuata mwaka 1973, kwa kiwango kilekile: asilimia moja.